Kompyuta ya Nyimbo za Pasaka na Ufunguo Uliobaki Dukani

Alhamisi, tarehe kumi na saba Aprili. Kulinyesha manyunyu asubuhi, halafu jua la kuchoma. Udongo wetu mweusi wa Kitengela umelowa vizuri, na mtu akitembea mpaka dukani anarudi akiwa mrefu kuliko alivyotoka, kwa sababu ya tope lililoshika chini ya viatu.

Nimestaafu kazi ya ufundi wa kompyuta mwezi uliopita. Wale niliowaachia duka, ambao huniita Mathe, yaani mama, waliniambia, "Mathe, andika kitu, sisi tutasoma." Nilicheka tu. Niliachia shule kidato cha pili, na kalamu yangu imezoea risiti. Hata sasa sina hakika kama mambo haya yana maana kwa mtu mwingine. Lakini leo nimeshikwa na hasira, na naona mtu mwenye hasira haogopi sana kukosea kuandika. Kwa hivyo ninaanza. Habari za vyeo na mshahara nitaziacha, hazijawahi kutengeneza mashine ya mtu.

Nilianzia Kiserian, kwa Mzee Mutiso, Mkamba aliyekuwa fundi wa redio kabla kompyuta hazijafika. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bucha. Niliingia kuomba kazi ya kufagia. Siku hiyo ya kwanza alinipa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli.

"Baiskeli iko wapi?" nikamuuliza.

"Baiskeli hakuna. Hiyo pampu ni ya kompyuta."

Mashine ilikuwa imetoka ofisi ya machimbo ya mawe, imejaa vumbi mpaka feni haizunguki. Niliifungulia nje, nikaanza kupuliza. Upepo ulikuwa unaelekea kwa bucha. Mwenye bucha alitoka na kisu mkononi akauliza ni nani anayepaka nyama yake unga. Mzee Mutiso alinitetea kwa kusema mimi ni mgeni. Jioni, tulipokuwa wawili, akaniambia mtu mwenye akili huangalia upepo kwanza. Nililia kidogo. Kwa haki, alikuwa anasema kweli.

Kitu nilichojifunza kwake zaidi ya kushika bisibisi ni kile kiti chake. Mteja akifika na mashine mbovu, Mzee Mutiso alimpa kiti, akammiminia chai, akamwacha aongee. Mashine ilikaa mezani haijaguswa. Mimi nilikuwa na haraka ya kufungua skrubu. Yeye alisema, "Mashine haina mdomo. Mwenyewe ana mdomo. Wewe unaanza kumhoji yule asiye na mdomo kwa nini?"

Baadaye nilifungua duka langu hapa Kitengela. Wakati huo saiba zilikuwa chache na vumbi lilikuwa jingi. Nyinyi mnaoanza leo mna bahati ya lami. Nimeona mengi ambayo mtu hawezi kufundishwa darasani, ingawa sisemi darasa ni bure, mimi ndiye ninayelikosa. Nimekuta mtu amepaka dawa ya meno mahali pa dawa ya kupoza prosesa. Nimekuta siafu wamehamia ndani ya pawasaplai na mayai yao. Nimepokea wateja wengi sana waliolia kwamba intaneti imekufa, kumbe ni ile betri ndogo ya saa iliyoisha, mashine inafikiri tuko miaka ya zamani na tovuti zote zinaikataa. Ukiona saa imerudi nyuma, badilisha betri kabla hujalaumu kampuni ya simu. Kampuni ya simu utapata kitu kingine cha kuilaumu.

Siku moja niliitwa Kajiado kwa mfugaji mmoja mzee. Kompyuta yake ilizimika yenyewe kila jioni. Nilifika, nikamsalimia kwa Kimaasai, "Supa." Akaitikia "Ipa," akanitazama juu mpaka chini.

"Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Na bwana yako?"

"Yuko nyumbani anapika."

Alicheka mpaka akashika mlango. Halafu nikakumbuka kiti cha Mzee Mutiso, nikakaa, nikaomba maziwa, nikamwacha azungumze. Katika maneno yake nikasikia kwamba nyumba yote inatumia sola moja, na kwamba ana friji ya chanjo za ng'ombe. Ile friji ikianza kunguruma jioni, kompyuta inakosa nguvu. Nikamwambia aitenge friji na sola ile.

"Kompyuta ikifa nitanunua nyingine," akasema. "Ng'ombe wakifa, wewe utanirudishia?"

Nilirudi bila kufungua skrubu hata moja. Kompyuta yake nadhani inazimika mpaka leo. Na siwezi kusema alikosea.

Sasa nifike kwa kile kinachonichoma. Siku hizi mteja akiingia na mashine isiyowaka, neno la kwanza analosikia ni "kufomati." Hajakaa chini, hajaulizwa kuna nini ndani, mtu amekwisha chomeka flashi. Kufomati ni kufuta. Ni kama daktari anayesalimia mgonjwa kwa msumeno. Najua sababu: kodi ya duka inakimbia, mteja mwenyewe anasema "fanya haraka," na kufomati hakushindwi. Lakini nyumba za watu hazina mitambo ya kuhifadhi nakala kama benki. Kilicho kwenye hiyo kompyuta moja kiko hapo tu.

Jirani yangu ni Baba Mercy. Ni mtu wa Bungoma, anafanya kazi ofisini Nairobi na kurudi kila jioni, na Jumapili anafundisha kwaya ya kanisa lao. Nyimbo anatunga yeye mwenyewe. Anaziandika kwa do-re-mi kwenye kompyuta ya nyumbani, halafu anarekodi kila sauti peke yake, ya besi, ya tenor, hata ya soprano akijiminya koo, ili wanakwaya wajifunze kwa simu. Kazi ya miaka mingi yote imo humo. Na Jumapili hii ni Pasaka. Kwaya ina nyimbo mpya ambazo wanakwaya wamejifunza nusu tu.

Jumamosi iliyopita skrini ilimletea ujumbe kwamba mfumo wake umezeeka, karibu hautalindwa tena, abonyeze apate mpya bure. Ujumbe huo ulikuwa umemsumbua kwa muda. Ukiukataa unakuuliza ukukumbushe leo usiku au kesho. Mahali pa kusema hapana hakuna. Hilo peke yake linaniudhi, kama mgeni anayekuuliza atalala chumba gani na hujamkaribisha. Lakini lazima niseme pia kwamba mfumo wa zamani kweli una hatari zake, na mimi mwenyewe ningemshauri abadilishe. Si wiki ya Pasaka, lakini. Akabonyeza, akaona asilimia zinapanda, akaona onyo la Kiingereza la kutozima mashine, akaenda mazoezi ya kwaya.

Nyumbani alibaki mama yake mzazi, ambaye nyumba yote inamwita Kukhu, yaani nyanya. Alasiri ikaja mvua ya radi. Kwao Bungoma radi ikianza, kila kitu cha stima kinachomolewa, kioo kinafunikwa kwa leso, na watu wanakaa mbali na mlango. Kukhu akachomoa televisheni, akachomoa friji, akachomoa kompyuta. Akafunika kioo. Akakaa. Msicheke. Jirani wa ploti ya nyuma hakuchomoa, na televisheni yake iliungua jioni hiyo hiyo.

Baba Mercy aliporudi na kuwasha, mashine ilizunguka, ikazunguka, halafu ikaleta skrini ya bluu ikidai ufunguo: tarakimu tupu, kama zile za tokeni ya stima lakini ndefu zaidi. Hakuwahi kuona ufunguo wa namna hiyo. Jumatatu akaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akamwambia dawa ni kufomati. Akauliza nani alichomoa. Akaambiwa. Akasema, "Basi ni nyanya ameua nyimbo zako."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Fundi hakudanganya kuhusu mashine. Diski za siku hizi zinajifunga zenyewe kwa usalama, na bila ufunguo hata mimi nisingeweza kusoma kitu. Lakini nani alimtuma atoe hukumu ya mauaji?

Jana Baba Mercy alinijia amebeba kompyuta kwenye leso. Kukhu alikuwa nyuma yake, kitambaa kichwani. Baba Mercy aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yake amefunga begi, anataka kurudi Bungoma kabla ya Pasaka.

"Nasikia wewe," Kukhu akasema. "Mimi ni mzee, si kiziwi. Siwezi kukaa kanisani na watu nimewanyima nyimbo."

Niliwapa viti na chai. Nikamuuliza Baba Mercy kompyuta aliinunua wapi. Kwa duka la Dennis, hapa mjini, mwaka juzi, zile zilizotumika ng'ambo. Aliweka barua pepe gani siku ya kwanza? Hakumbuki kuweka yoyote. Nikachoka hapo. Nilifikiri labda yule fundi yuko sawa na mimi ni mwanamke mzee anayependa kupoteza muda wa watu.

Kukhu akaweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa hapo. Nilikuwa nimekuja kwa macho, kwa daktari, tukapitia dukani. Huyo Dennis alishika simu yake, akaandika kwa kompyuta, akashika simu tena. Nikamwuliza, wewe, mbona unaandika jina lako na mashine ni ya mtoto wangu? Akaniambia, 'Shosh, hiyo ni ya ofisi tu.'"

Baba Mercy akamtazama. "Mama, hukuniambia."

"Hukuniuliza. Umekuwa ukiniuliza kwa nini nilichomoa."

Nyinyi mafundi mnaelewa. Diski ikijifunga, ufunguo wake unatumwa kwa akaunti ya barua pepe iliyoandikwa siku ile ya kwanza. Dennis alikuwa ameandika yake. Leo asubuhi nikaenda kwake na Baba Mercy, aliyeomba ruhusa ya kuchelewa ofisini. Nilikuwa nimepiga picha ile skrini, kwa sababu juu yake kuna alama fupi inayoonyesha ni ufunguo upi unaotakiwa.

Dennis alinipokea vizuri, ananijua. "Mathe! Si ulistaafu? Karibu. Hiyo ni kufomati tu, niachie, mpaka saa nane iko poa."

"Fungua email yako kwanza."

"Ya nini?"

"Ile unaandikia watu kompyuta."

Akatoa simu. Alipofungua simu nikaona orodha ndefu ya kompyuta. Nyumba za watu. Kompyuta za walimu, za wafanyabiashara, za watoto wa shule, kila moja na ufunguo wake, zote kwenye simu ya mtu mmoja ambayo anaiacha kaunta akienda chooni. Hakuna jina la mwenyewe hata moja.

"Dennis, fundi wa milango akikuwekea kitasa, anabaki na funguo?"

"Ah, mathe, usinichomee mbele ya wateja. Mimi nawasaidia. Mtu akija hapa nikimwambia atengeneze email ananiuliza kama namchezea. Wengine wanakuja na kabambe, simu ambayo hata intaneti haina. Wanataka kubeba na kuenda."

Hilo ni kweli, na nimeliandika kama alivyolisema. Wateja hawana subira. Mimi pia nimewaona.

"Hata hivyo ungewapa ufunguo kwa karatasi."

"Nani atauliza?"

"Huyu hapa ameuliza! Umemuuzia mlango bila ufunguo!"

Nilipaza sauti, na sijivunii. Wakati huo huo kulikuwa na mama mmoja muuguzi, bado amevaa sare, anangoja laptopu yake. Na Dennis, huku anatafuta ufunguo wetu kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine alikuwa anaandika barua pepe ile ile kwenye laptopu ya yule mama. Nikamwambia yule mama, "Dada, andika barua pepe yako mwenyewe."

"Mimi sina shida," akasema. "Mimi nataka tu niende, niko zamu."

Basi nikamrudia Dennis na picha yangu. Kukasirika kwa niaba ya mtu ambaye hataki kukasirika ni kazi ngumu.

Ufunguo ulikuwepo. Nitasema wazi kwamba Dennis aliutafuta mpaka akaupata, hakuomba kitu, na alinisomea mara mbili ili tusikosee. Lakini aliniambia pia kwamba orodha ikijaa huwa anafuta zile za zamani. Yetu ilikuwa karibu na mwisho wa orodha. Nyimbo za watu zilikuwa zimesalia kwa bahati ya orodha kutojaa.

Tulirudi kwa Baba Mercy. Kukhu alikuwa amekaa sebuleni, begi miguuni. Nikaunganisha mashine, Baba Mercy akanisomea tarakimu, skrini ya bluu ikakubali. Bado haikuwaka, mfumo mpya ulikuwa umeingia nusu na wa zamani umetoka nusu. Hapa wengi wangebonyeza kurekebisha mara moja. Msifanye hivyo. Nilipita mlango wa nyuma, kwenye ile skrini nyeusi ya kuandika amri, nikatafuta folda ya nyimbo. Zilikuwepo. Nikazinakili zote kwa flashi, nikachomeka flashi kwa laptopu yangu, nikafungua moja. Ikatoka soprano ya Baba Mercy akijiminya koo. Mke wake alicheka jikoni mpaka akaangusha mwiko. Nikatia flashi mfukoni.

Ndipo nikaiambia mashine irudi kwenye mfumo wake wa zamani. Ikaanza kuzunguka. Na hapo, kwa mbali, ngurumo ikasikika.

Sote tukamtazama Kukhu. Yeye akatazama soketi.

"Kukhu, tafadhali," Baba Mercy akasema.

"Si uliambiwa ni mimi nimeua nyimbo?"

Mashine ilizunguka. Nilitaka kusema kitu, nikajiambia huu si uwanja wangu. Halafu sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Kukhu, ukitaka kuchomoa, chomoa. Nyimbo ziko hapa mfukoni mwangu, na siku ile hazikufungwa na wewe. Aliyezifungia yuko dukani na simu yake."

Baba Mercy akapiga magoti kando ya kiti, mtu mzima na suti ya ofisi. "Mama, nilikosea. Niliamini maneno ya watu. Usiende."

Kukhu alimwacha hapo chini kidogo. Akainua kichwa, akasikiliza nje kama mtu anayesikiliza simu.

"Hiyo iko Ngong," akasema. "Haijafika kwetu. Malizeni haraka."

Mashine ikawaka. Picha ya zamani ya watoto ikatokea kwenye skrini, na nyimbo zote mahali pake. Baba Mercy akapiga simu kwa wanakwaya, sebule ikajaa kelele. Mke wake akachukua begi la Kukhu, akalirudisha chumbani bila kumwuliza mtu.

"Lakini ikifika Kitengela," Kukhu akaniambia nilipokuwa nakunja waya zangu, "nachomoa."

Nikamwambia achomoe. Mfumo mpya utawekwa baada ya Pasaka, siku ya jua, yeye mwenyewe akichagua siku. Na barua pepe itakuwa ya Baba Mercy, na ufunguo utaandikwa na kuwekwa ndani ya Biblia yake. Mafundi, hilo ndilo ninalowaomba. Sina la maana zaidi. Mpeni mtu kiti, mumuulize, na siku mnayomuuzia mlango mpeni ufunguo wake. Kama nimemkosea Dennis kwa maneno makali, atanisamehe, lakini kesho nitapita pale tena.

Jioni tumekula ugali na kabeji na maziwa lala, mimi na mume wangu, Baba Lemayian. Alionja, akauliza kama chumvi imeisha nyumbani. Haijaisha. Nilikuwa naikata ile kabeji nikiwa bado nabishana na Dennis, na chumvi nikaisahau. Alikula yote, na akaongeza.